Kabla hujaiuza ile shilingi ya dani

Kama umewahi kusimama mbele ya kidirisha cha mnunuzi wa dhahabu pale Macalder, unaujua ule ukimya. Mashine za kusaga mawe zinanguruma nyuma yako, vumbi limekuganda mpaka kwenye nyusi, na ile punje yako ya wiki nzima imelazwa juu ya mizani ndogo inayotoshea kiganjani. Hakuna anayeongea. Namba zinacheza, zinacheza, zinatulia. Halafu mnunuzi anaichukua, anaigeuza kwenye mwanga na kusema maneno ambayo hukutaka kuyasikia: hii si safi, ina fedha ndani.

Hapo hasemi pesa. Anasema ile metali nyeupe, fedha yenyewe. Dhahabu ikitoka ardhini mara nyingi huja na fedha ndani yake, zimeshikana kama mapacha, na miamba ya Macalder ina zaidi ya hizo mbili. Wazungu waliofika kusini mwa Nyanza na mbio za dhahabu za miaka ya 1930 walikuta hapo shaba, zinki, dhahabu na fedha kwenye jiwe moja. Mgodi mkubwa ulifungwa 1966. Vijana wa leo wanapita kwenye mabaki ya mabaki, wanasaga, wanaosha, wanachanganya na zebaki (tafadhali, ule moshi wake usiuvute) na mwisho wa siku wanakuja hapa kidirishani.

Kwa hivyo wewe wa Macalder una somo moja ambalo msee wa Nairobi anayelipwa kwa simu hana. Unajua kwamba uzito ni kitu kimoja, na kilichomo ndani ya uzito ni kitu kingine. Shika hilo, kwa sababu nataka tuitumie akili hiyo hiyo kupima kitu unachokitaja kila siku bila kukifikiria: shilingi.

Nimeanza kufikiria haya kwa sababu ya jumbe zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Unazijua. Picha ya sarafu nyeusi-nyeusi ya Mfalme George, simba akiwa amesimama mbele ya milima, halafu maandishi: kama dani yako ana hii kwenye sanduku, usiitupe, kuna mtu anainunua kwa mamilioni. Wengine wanaongeza eti ndani yake kuna zebaki nyekundu. Halafu unaambiwa utume "ada ya usajili" kidogo tu, thao mbili hivi, ndipo mnunuzi aje na gari.

Omera, usitume hiyo pesa. Lakini usiitupe sarafu pia. Hadithi iliyo ndani yake ni tamu kuliko hayo mamilioni ya uongo.

Anza na neno lenyewe. Shilingi tuliletewa na Waingereza, ila Waingereza hawakuwa peke yao nalo. Wajerumani walikuwa na Schilling yao, na Austria ilitumia Schilling mpaka euro ilipoingia 2002. Ni neno la kale la watu wa kaskazini mwa Ulaya, na kwa karne nyingi lilikuwa na maana ambayo mnunuzi wako pale kidirishani angeielewa mara moja: kiasi fulani cha fedha, kilichopimwa. Hukuhitaji kumwamini mtu. Uliiweka kwenye mizani.

Sasa, kuna shilingi moja ya zamani ambayo maisha yake yanafanana na ya hii ya dani mpaka unashtuka. Ilipigwa na watawa. Watawa wenye mapanga.

Watawa waliomiliki nchi

Mwaka 1190, wakati wa Vita vya Msalaba, Wajerumani walianzisha hospitali ya wagonjwa na majeruhi kwenye mji wa Akka, pwani ya Palestina. Miaka minane baadaye wahudumu wake wakageuzwa kuwa shirika la kijeshi: wanaume walioapa kutooa, kutomiliki mali, kutii, na kupigana. Walivaa joho jeupe lenye msalaba mweusi. Historia inawaita Shirika la Teutonic.

Akka ikaanguka 1291. Lakini watawa hawa walikuwa wameshatafuta kazi nyingine: tangu karne ya 13 walikuwa pwani ya Bahari ya Baltiki wakiwapiga Waprusi, wenyeji wa huko ambao hawakuwa Wakristo, na kuitwaa nchi yao. 1309 Mkuu wa Shirika alihamia Marienburg, ngome ya matofali mekundu ambayo bado imesimama huko Poland kwa jina la Malbork. Fikiria kasri ambalo ni kanisa, ni kambi, ni ikulu na ni benki kwa wakati mmoja. Mtawa mmoja mmoja aliapa umaskini, lakini Shirika lenyewe lilikuwa na mashamba, bandari, na lilihodhi biashara ya kaharabu, ule utomvu wa kale uliogeuka jiwe ambao dunia nzima iliununua kwa ajili ya tasbihi. Kitu kimoja lilikikosa. Prussia haikuwa na migodi ya fedha. Fedha ilikuja kwa biashara, kutoka nchi za mbali kama Bohemia.

Chini ya Mkuu aliyeitwa Winrich von Kniprode, aliyetawala kuanzia 1351 hadi 1382, Shirika lilianza kupiga shilingi yake. Upande mmoja ngao ya Mkuu na jina lake, upande wa pili ngao yenye msalaba, na kuizunguka maneno ya Kilatini yenye maana ya sarafu ya mabwana wa Prussia. Shilingi moja ilikuwa senti kumi na mbili za huko, na shilingi 60 zilifanya marki moja.

Naomba nikae hapa kidogo kwenye namna zilivyotengenezwa, maana ukifanya kazi ya mawe na metali utaipenda. Hakukuwa na mashine. Fedha iliyeyushwa pamoja na shaba kidogo ili iwe ngumu, ikamwagwa, ikafuliwa kwa nyundo mpaka ikawa bamba jembamba, kisha vikakatwa viduara. Kila kiduara kiliwekwa juu ya chapa ya chuma iliyochongwa alama na kupigiliwa kwenye gogo. Juu yake, kwa mkono wa kushoto, fundi alishika chapa ya pili. Mkono wa kulia, nyundo. Paa! Shilingi. Ndiyo maana sarafu hizo hazifanani: moja msalaba umekwenda kando, nyingine herufi zimekosa nafasi, nyingine imepigwa mara mbili kwa sababu mkono wa fundi ulitetemeka.

Na usidhani hili lilikuwa jambo la Wazungu peke yao. Mwaka 1984 watafiti wa mambo ya kale waliokuwa wakichimba Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, walikuta hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, nyepesi kama magamba ya samaki, zenye majina ya watawala wa pwani yetu, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za Kiislamu. Zilizikwa karne ya 11, kabla hilo Shirika halijazaliwa. Na maandishi yake yana vina: unasoma upande mmoja, unageuza, na upande wa pili unakamilisha kina. Mswahili hata kwenye pesa aliweka shairi.

Turudi Prussia. Kwenye kutengeneza sarafu kuna hatua moja ambayo ndiyo kiini cha hadithi yote hii. Kabla ya kupigwa, viduara vilipashwa moto na kuchemshwa kwenye majimaji makali ya chumvi na tindikali ya mvinyo. Moto uliifanya shaba ya juu ibadilike, majimaji yakaila, na kilichobaki kwenye ngozi ya sarafu ni fedha karibu tupu. Ikatoka nyeupe, inang'aa. Kwa sarafu nzuri huo ulikuwa urembo tu. Lakini fikiria mtu mwenye madeni anayemiliki hiyo sufuria. Anaweza kuongeza shaba ndani, akaiosha ngozi, na wewe ukaipokea ikiwa nyeupe vilevile. Miezi michache mifukoni na sokoni, ngozi inalika, wekundu unajitokeza. Lakini kufikia hapo yeye ameshamlipa aliyekuwa akimdai. Wewe ndiye umebaki nayo.

Deni la siku moja

Madeni yalikuja siku moja tu. Tarehe 15 Julai 1410 jeshi la Shirika lilikutana na majeshi ya Poland na Lithuania, na likavunjwa vibaya. Mkuu Ulrich von Jungingen aliuawa uwanjani pamoja na viongozi wake wengi. Wapoland wanaiita Grunwald, Wajerumani Tannenberg, Walithuania Žalgiris. Kama unafuatilia mpira wa kikapu wa Ulaya, ndiyo, klabu ya Žalgiris Kaunas imebeba jina la vita hivyo.

Ngome ya Marienburg haikuanguka. Kilichoangusha Shirika polepole ni hesabu. Kwa mkataba wa amani wa 1411 lililazimika kulipa fidia, hasa ya kuwakomboa mateka wake: mafungu 100,000 ya sarafu za fedha za Praha, kila fungu sarafu 60. Piga mwenyewe. Ni sarafu milioni 6 za fedha, kutoka nchi isiyo na mgodi hata mmoja wa fedha.

Mkuu mpya, Heinrich von Plauen, alifanya kile ambacho wenye mamlaka hufanya. Alitoza kodi mpya. Alichukua vyombo vya dhahabu na fedha makanisani. Mji wa Danzig, yaani Gdańsk ya leo, ulipogoma kulipa, viongozi wake akiwemo meya Konrad Letzkau waliitwa kwenye ngome ya Shirika kana kwamba ni kwa mazungumzo, Aprili 1411, na hawakutoka wazima. Na shilingi? Shilingi iliendelea kupigwa. Ngao ile ile, msalaba ule ule, jina la Mkuu pale pale. Kilichopungua kilikuwa ndani.

Watu walijua. Siku zote watu hujua, ila si wote kwa wakati mmoja. Mfanyabiashara mwenye mizani alijua wiki ya kwanza. Sonara alijua siku ya kwanza. Mtu wa kibarua aliyelipwa shilingi kumi alijua pale alipokwenda kununua nafaka na kuambiwa bei ya jana si ya leo.

Hasira ya kodi, ya pesa na ya kutawaliwa bila kusikilizwa ilijikusanya miaka mingi. 1440 miji na wenye mashamba wa Prussia waliunda muungano wao. 1454 waliasi waziwazi na kuomba ulinzi wa mfalme wa Poland. Vita vilidumu miaka 13, na hapa ndipo kichekesho cha mambo kilipo: Shirika, lililozaliwa la kupigana, sasa lilikuwa linakodi askari wa kulipwa, na halikuwa na pesa ya kuwalipa. Likawapa ngome zake kama rehani, Marienburg ikiwemo. Mishahara haikuja. Basi 1457 askari hao waliiuza Marienburg, makao makuu ya mwajiri wao, kwa adui yake. Waliiuza, wakapokea chao, Mkuu akatoroka. Ukifanya kazi kwa mtu na mshahara wake hauji, unaelewa.

Amani ya 1466 ililiachia Shirika nusu ya nchi. Mwaka 1525 Mkuu wa mwisho wa Prussia, Albrecht, alivua joho, akawa Mlutheri na kuigeuza nchi kuwa mali ya ukoo wake chini ya mfalme wa Poland.

Kuna shahidi mmoja wa mwisho wa mambo haya ambaye jina lake umelisoma shuleni kwa sababu nyingine kabisa: Nicolaus Copernicus, yule aliyesema dunia ndiyo inayolizunguka jua. Alizaliwa Toruń 1473, mji uliokuwa wa Shirika kabla haujaasi. Aliishi akiwa msimamizi wa mali za kanisa katika eneo hilo hilo, na 1521, Shirika lilipovamia kwa mara ya mwisho, yeye ndiye aliyesimamia ulinzi wa ngome ya Olsztyn. Nyota alizitazama usiku. Mchana alihesabu kodi za wakulima na kuona shilingi za aina zote zikipita mikononi mwake. Akaandika kitabu kidogo kuhusu upigaji wa sarafu, alichokikamilisha 1526. Anaeleza kwamba kabla ya ile vita ya 1410 sarafu ilikuwa na sehemu tatu za fedha kwa moja ya shaba, na jinsi ilivyoteremka baada ya hapo, Mkuu hadi Mkuu. Anaeleza pia kitu ambacho mnunuzi wa Macalder atakicheka kwa kukitambua: masonara walikuwa wakichambua rundo la sarafu, wakizitoa zile kuukuu zenye fedha nyingi, wanaziyeyusha, na kuirudisha sokoni ile takataka. Pesa mbaya inaifukuza nzuri. Anayebaki na mbaya ni yule asiyejua kuchambua.

Sasa geuza ya dani

Umeshika ile sarafu? Tazama mwaka.

Kabla ya 1920 pesa ya huku kwetu ilikuwa rupia. Rupia ya India ilikuwa na uzito wa karibu gramu 11.7, na sehemu 11 kwa 12 zilikuwa fedha. Yaani fedha halisi gramu 10.7. Halafu Vita vya Kwanza vya Dunia vikaisha, Uingereza ikiwa na madeni hadi shingoni na bei ya fedha ikiwa imepaa. Mwaka 1920 Waingereza walipunguza fedha kwenye sarafu zao wenyewe kutoka asilimia 92.5 hadi 50. Huku Afrika Mashariki Bodi mpya ya Sarafu iliondoa rupia na kuleta florini: uzito ule ule, fedha nusu, gramu 5.8. Florini haikukaa. Ikaja shilingi, mbili kwa florini moja. Shilingi moja ilikuwa na uzito wa karibu gramu 7.8, lakini fedha ilikuwa robo tu. Kwa hiyo shilingi zako mbili, zilizosimama mahali pa rupia moja, zilikuwa na fedha gramu 3.9 kwa jumla.

Gramu 10.7, kisha 5.8, kisha 3.9. Ndani ya miaka miwili hivi. Watawa wa Prussia wangeona wivu.

Hapa lazima niwe mkweli kwako, maana si haki kumaliza hesabu hapo. Shilingi ya 1921 haikuwa ikitembea kwa uzito wake kama ya Winrich. Thamani yake ilishikwa na sheria na pauni ya Uingereza. Hata kama ingekuwa ya bati, shilingi 20 zilikuwa pauni moja. Kupunguza fedha ndani yake peke yake hakukuwa wizi. Wizi, kama unataka kuuita hivyo, ulipita mlango mwingine.

Zamani pauni moja ilikuwa rupia 15, yaani rupia moja ilikuwa shilingi 1 na peni 4. Mwaka 1920 serikali iliamua rupia moja ni shilingi 2 kamili. Tuseme babu wa babu yako alikuwa analipwa rupia 6 kwa mwezi. Kwa kipimo cha zamani hizo ni shilingi 8. Kwa kipimo kipya ni shilingi 12. Walowezi wakapiga kelele kwamba wafanyakazi wamekuwa ghali, na 1921 wakatangaza kukata mishahara kwa theluthi. Theluthi ya 12 ni 4. Babu akarudi kwenye shilingi 8 zake. Hesabu nzuri, si ndiyo? Lakini kodi ya kibanda ilikuwa imepandishwa kutoka rupia 5 hadi rupia 8, na hiyo iligeuzwa kwa kipimo kipya bila kukatwa chochote: shilingi 16. Mshahara ulipimwa kwa mizani moja, kodi kwa nyingine.

Mtu aliyelipwa 8 alidaiwa 16.

Nyanza haikunyamaza. Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, Gem, vijana waliosoma Maseno wakiwa mbele, Jonathan Okwiri mwenyekiti. Wakaita harakati yao Piny Owacho, nchi imesema. Kodi, mishahara, kipande, kazi za lazima, yote yakatajwa hadharani. Nairobi, Harry Thuku alikuwa akisema hayo hayo, na Machi 1922 alipokamatwa watu walipigwa risasi nje ya kituo cha polisi alikokuwa amefungwa. Kodi ilishushwa baadaye hadi shilingi 12. Haikurudi ilipokuwa.

Ndiyo hiyo sarafu ya dani. Ina mfalme upande mmoja na simba upande mwingine, na mtu fulani katika ukoo wenu huenda aliipata kwa kupalilia mahindi ya mtu mwingine na akaikosa kosa kuipeleka kwa mtoza kodi. Ukiangalia sehemu zilizochomoza, shavu la mfalme, mgongo wa simba, kwenye sarafu iliyotumika sana utaona ule weupe umekwisha na rangi ya manjano-kahawia imetokeza. Ni kile kile nilichokuambia kuhusu ngozi ya sarafu. Simba amechanika koti.

Ukitaka kuijua zaidi huhitaji mtu wa WhatsApp. Mwaka ukiwa 1921 hadi 1946, robo ya uzito wake ni fedha, chini kidogo ya gramu 2. Kuanzia 1948 hakuna fedha hata chembe. Uingereza ilikuwa imetoka vita vya pili, inadaiwa fedha na Marekani, na sarafu zikawa za shaba na nikeli tu. Mng'aro ni mweupe, lakini ni mng'aro wa kijiko. Baada ya hapo ikaja Benki Kuu ya Kenya, 1966, mwaka ule ule mgodi wa Macalder ulipofungwa, na shilingi ikawa na sura yetu wenyewe. Ya leo ile ndogo yenye twiga ni chuma kilichopakwa nikeli. Chukua sumaku ya spika mbovu uisogeze, itaruka. Ya dani haitaruka, iwe ya 1924 au ya 1952, kwa hiyo sumaku haitakuambia kama kuna fedha. Mwaka ndio utakaokuambia.

Thamani? Gramu 2 za fedha hazijengi nyumba. Ulizia bei ya fedha siku hiyo, zidisha mwenyewe, na usikubali chini ya hapo. Wakusanyaji wa sarafu wanaweza kutoa zaidi kama mwaka wake ni adimu na haijachakaa, na ukiwa na florini ya 1920 au 1921 usiiachie haraka, maana zilitembea muda mfupi sana. Usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno. Ukiing'arisha unaondoa hicho kidogo kilichobaki juu, na mkusanyaji akiona mikwaruzo anapunguza bei. Zebaki nyekundu haimo. Na mnunuzi wa kweli hakuombi ada kwanza. Anaipima mbele yako, unasoma namba wewe mwenyewe, kama pale kidirishani.

Kabla ya yote hayo, mrudishie dani mkononi umuulize aliipokea kutoka kwa nani, na huyo aliifanyia kazi gani. Nenda na muda. Wakianza habari za kodi hawamalizi mapema, na huenda akakumbuka kuna nyingine tatu kwenye kopo la chai nyuma ya kabati.